Mrija Mmoja Kati ya Mia Tatu

Benchi lililo mbele ya kibanda cha Fundi Saa lina mguu mmoja mfupi. Wanaolikalia, ndimi zao ndizo ndefu. Asubuhi hiyo Fundi alishika kahawa kwa mkono mmoja na ubavu kwa mwingine. Jumatatu alikuwa alazwe, awekewe kimrija cha plastiki cha kupitishia mkojo kutoka kwenye figo. Jana mpwa wake akapiga simu: mirija yote ameizuia kiwandani. Miaka kumi na miwili binti huyo anatengeneza plastiki za kuingia mwilini. Subiri wiki sita, Mjomba, akamwambia.

— Wiki sita! — akaruka Redio, fundi cherehani, mama ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. — Ana kinyongo. Si ulimcheka alipoacha uuguzi akaenda kupika plastiki?

— Nilimcheka kidogo tu.

— Kidogo! Ulimwita Mama Ndoo mbele ya wakwe zake!

Profesa, kinyozi aliyeishia darasa la nne, akashusha kikombe.

— Si kinyongo. Plastiki ile iko hai. Ikikaa mwilini inachipua.

— Inachipua nini, we Profesa?

— Matawi! Tena wametia kinasa sauti, wasikie tunaongea nini hapa.

— Basi watamsikia Redio tu — Fundi akasema, akacheka, ubavu ukamchoma, akaacha. — Mpwa wangu anasema aliilowesha mirija siku arobaini kwenye maji yenye joto la mwili. Mrija mmoja kati ya mia tatu umefanya ufa kwenye ncha, mwembamba kama unywele.

— Mmoja tu? — akadakia Redio. — Na hiyo mingine ina kosa gani? Mpigie akupe mzima! Wewe unaumia, yeye anatafuta unywele!

Fundi akatoa simu. Kuumia, alikuwa anaumia kweli. Kidole kilishafika kwenye jina la mpwa wake pale mama mmoja mteja, mkoba begani, alipochungulia kibandani.

— Shikamoo, Fundi. Saa yangu si ile ukutani? Naiona inatembea.

— Marahaba. Inatembea, mwanangu.

— Niliileta tangu Jumanne. Sasa mbona hunipi?

— Jana ilisita. Sijajua kwa nini.

— Ilisita mara ngapi?

— Mara moja.

— Mara moja tu?

Profesa akachungulia ndani ya kikombe chake. Fundi akarudisha simu mfukoni, akaushika tena ubavu, na Redio, maajabu hayo, akamwongezea kahawa badala ya maneno.