Zéphirin Anagawa Kinga Yake

Blaise, zima redio. Anastasie, acha kutwanga ule muhogo, utatwanga kesho, kesho utakuwa na wakati mwingi. Laetitia, leta mukeka ukae hapa karibu na kitanda nikuone. Na wewe Nathanaël, kama unapenda kubaki pale mulangoni na muguu wako umenyooka mbele ya watu, baki, lakini usikie vizuri, kwa maana mukubwa wa watoto wangu ni wewe na maneno mengi ya leo ni ya kwako. Mutu asinikate maneno. Pumzi inayobaki ni kidogo, na nikisema neno sitalirudia.

Munganga alisema moyo wangu umekuwa mukubwa kuliko kifua. Mama yenu Anastasie akacheka, akasema huyu munganga hamujui Zéphirin, moyo wake haujakuwa mukubwa hata siku moja. Ni kweli. Nina miaka makumi tano na moja, na katika hiyo makumi tatu nimeendesha kinga, baiskeli ya mashindano, kutoka Kabambare mupaka Kasongo, kutoka Nyangwe mupaka Kasongo, katika vumbi na katika matope, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kujificha nyuma ya mugongo wa mutu mwingine, yeye akate upepo, yeye achoke, halafu pale avenue inapoanza kunyooka, mita mia mbili mbele ya soko, nitoke nyuma yake na kumuacha. Blaise, mutoto wangu, nimejificha nyuma ya mugongo wako miaka sita. Sikukuambia asante, na leo sikuambii, kwa maana una miguu ya kuku, na bila mimi hakuna mutu angejua jina lako.

Mashindano ya mwezi uliopita muliyaona. Nilitoka nyuma ya Blaise kama kawaida, nikasimama juu ya pedali, nikaita miguu, miguu ikakataa. Musafiri, yule adui yangu wa zamani ambaye siku hizi anauza sabuni na hapandi tena kinga, alicheka mupaka akakaa chini. Nilifika wa kumi na ine. Sasa wakubwa wa mashindano wanataka kunikalisha kwenye kiti cha plastiki tarehe makumi tatu ya mwezi wa sita, kunivalisha maua, na kuambia watu wamupigie muzee mikono. Muwaambie hapana. Kama nimekufa, hapana, na kama niko muzima, hapana mara mbili.

Nyumba ni ya mama yenu, na ndugu yangu yeyote atakayekuja kupima kuta mumutoe na fimbo. Shamba la njia ya Lusangi ni la Blaise, kwa sababu mihogo haihitaji akili. Vile vikombe vya ushindi muwape kuku wanywee maji.

Inabaki kinga. Najua avenue yote inangoja niseme kinga ni ya Nathanaël, kwa kuwa yeye ni mutoto wa kwanza, na kwa sababu ya ile siku. Basi muniache niseme ile siku vile ilikuwa, siyo vile nimeisema miaka tisa.

Munajua tunavyobeba mafuta ya mawese. Bidoni ine juu ya kinga, njia nyembamba, majani yanapiga mabega pande zote mbili. Pale mutoto hapiti mukubwa wake kimya. Anaita kutoka nyuma, “Baba, unipe njia,” mukubwa anajibu, “Pita,” anaegemea majani, mutoto anakwenda. Nathanaël alikuwa na miaka kumi na moja aliponipita bila kuita, na nilimupiga mupaka fimbo ikavunjika, nikakata ingine. Toka siku hiyo hakusahau tena.

Sasa, siku ile alikuwa amekuja bwana mumoja kutoka Kinshasa kuchagua kijana wa kwenda kufundishwa mbio. Kijana mumoja tu. Alisimama karibu na mustari wa mwisho, kofia mukononi. Nilitoka nyuma ya Musafiri, nikafungua mbio, na nikasikia kinga nyuma yangu, nikajua ni nani, kwa maana pumzi ya mutoto wako unaijua toka akiwa mugongoni mwa mama yake. Alikuwa na nguvu ya kunipita mara mbili, na hakunipita. Aliita. Katika mashindano, mbele ya watu wote, mujinga huyu mwenye adabu akaita, “Baba, unipe njia!” Akaita mara tatu, na kila akiita miguu yake inangoja jibu. Nilimushinda kwa urefu wa gurudumu. Bwana yule akasema kijana mwenye kungoja hawezi mbio za mwisho, akamuchukua mutoto wa Musafiri aliyefika wa tatu.

Nathanaël akatupa kinga, akaenda kuchimba zahabu Lusangi, shimo likamuangukia, muguu ukakauka. Pale kwenye kitanda cha hospitali aliniuliza, “Baba, ulinisikia?” Nikamujibu, “Upepo, mutoto wangu. Upepo ulijaa masikio.” Nikamumenyea ndizi, akakula.

Hakukuwa na upepo. Nilisikia mara ya kwanza, nikasikia ya pili, nikasikia ya tatu. Neno la kumujibu lilikuwa hapa kwenye ulimi, nikalimeza. Nilikuwa na miaka makumi ine na mbili, nilitaka kushinda, na nilitaka yule bwana aulize jina langu. Hakuuliza. Anastasie, usifunike uso, haya sikuambii wewe peke yako, na usilie bado.

Nipeni… nipeni nafasi nipumue.

Kinga ni ya Laetitia. Nathanaël, usimuangalie dada yako hivyo. Muguu wako haukunji, kinga utaifanyia nini, utaitundika ukutani uililie? Miezi miwili nyuma Laetitia alitoka Nyangwe na bidoni mbili, akanikuta kwenye kilima, akanipita. Hakuita wala hakugeuka. Niliokota jiwe nimutupie, halafu nikatazama mugongo wake unavyokwenda, nikalitupa jiwe kwenye majani. Laetitia, usikie: ukiwa na mafuta, uombe njia kwa wazee wote wa Maniema. Siku ya mashindano usimuombe mutu, hata mama yako akiwa mbele.

Nathanaël, kwako sina cha kuacha ila hilo nililosema. Ungeweza kulikosa. Ningekufa nalo, na ungebaki kunisifu mbele ya watu, baba mwenye bahati mbaya, baba aliyezibwa masikio na upepo. Nimeona afadhali unichukie ukijua.

Anastasie, leta kikombe cha maji. Vile baba yangu alinifanyia, na mimi nitawafanyia: maji ya kinywa changu juu ya vichwa vyenu, yawe baraka, muzae, mulime, mulale bila woga. Nishike shingo. Hivyo. Yanaanza na mukubwa, munajua, na yasipoanza na mukubwa hayawezi kwenda kwa wadogo wake. Nathanaël, simama. Karibia.

Ninasikia muguu wako unakokota. Vizuri. Pole pole…

Siyo huko nje. Kitanda kiko huku. Nathanaël.

Mumuache. Blaise, kaa chini, mutu asimukimbilie. Laetitia, usipige magoti, sijafika kwako, siwezi kuanza na wewe. Tungoje. Anastasie, shika kikombe, mukono wangu… shika, yanamwagika. Macho yangu hayafiki mulangoni. Tazama wewe.

Anarudi?

Tazama vizuri. Usinidanganye, mama.