Nyapara wa Ndani ya Kompyuta

Benchi la kahawa la Bwanali lilitazamana na shule ya sekondari, barabara tu katikati, pale Nachingwea mjini. Mwaka 2004 shule ilikuwa na kompyuta moja, na Fidelis, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameitungia lugha ya Kiswahili: mwanafunzi aandike "chora", "geuka", "rudia", na picha itokee. Kesho asubuhi mkuu wa shule, Mama Makrina, angekuja kuitazama. Ikimridhisha, wanafunzi wangeendelea nayo. Isipomridhisha, kompyuta ingehamia ofisini kuchapa mitihani. Fidelis alikaa mwisho wa benchi, kahawa ikimpoa mkononi.

— Ticha, si ulisema inajikokota? aliuliza Amiri, fundi redio aliyejipa jina la Injinia.

— Ilikuwa. Sasa inakimbia. Lakini ikimaliza kuchora inaganda, haisikii kitufe chochote.

— Joto hilo, mshikaji. Mchumia juani hulia kivulini. Ihamishie kivulini.

— Iko ndani ya nyumba, Amiri.

— Ndani, lakini imeelekea jua. Redio za Chiola zote zinaugua hivyo.

Bwanali akapuliza makaa.

— Huo ni ugeni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Imetoka Ulaya huko, unaitumikisha kwa Kiswahili tangu asubuhi, itaacha kununa?

— Au haijagoma, akasema Amiri. Inaendelea kuchora kimoyomoyo.

Wakacheka, isipokuwa Mzee Saturnini. Huyu walimwita Nyapara, kwa sababu kwenye kila msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, alipanda juu ya kichuguu na kugawa kazi.

— Uliifanyaje hata ikakimbia?

Fidelis akaamua kusema kama ilivyo.

— Maneno ya mwanafunzi yanageuzwa namba, kila amri na namba yake. Mwanzo palikuwa na nyapara humo ndani. Anasoma namba, anatafuta ni kazi ya nani, anamtuma. Aliyetumwa akimaliza anarudi kwake kuuliza kinachofuata. Kurudi kule ndiko kulikokula muda.

— Sasa?

— Nimemwondoa. Kila kazi ikiisha, inasoma namba inayofuata yenyewe na kuruka moja kwa moja kwa mwenzake.

Saturnini akaweka kikombe chini taratibu.

— Umemfukuza nyapara.

— Kwenye kompyuta, mzee.

— Mnaanzia kwenye kompyuta.

— Lakini Ticha kasema kweli, akadakia Amiri. Mzee, kumbuka matofali ya zahanati. Ulipokwenda msibani Mkotokuyana tukapanga mstari, mkono kwa mkono, hakuna wa kuuliza. Ilikuwa noma. Adhuhuri haijaingia tumemaliza.

— Mlimaliza nini? Mlimaliza tanuru letu, mkaingia tanuru la Hasani lililokuwa pembeni. Tofali likija unapokea, unatoa, unapokea, unatoa. Mimi sipo, nani wa kusema basi?

Fidelis alikuwa ameacha kusikiliza. Aliiona amri yake ya mwisho: haikuwa na mwenzake mbele, ila hakuna aliyeiambia hivyo. Ilisoma chochote kilichokuwa jirani, ikakirukia kama namba halali, na kile nacho kikaruka, kikaruka, picha imekwisha zamani.

Akasimama.

— Si joto, Injinia.

— Nyapara anarudishwa kazini? aliuliza Saturnini.

— Harudi, mzee. Naweka amri moja mwisho kabisa, kazi yake ni kusema basi tu.

Saturnini akaipima habari hiyo.

— Iite jina langu.

— Mama Makrina akiuliza, nitamwambia ni ya nani.

Mgeni mmoja alikuwa benchini, Letisia, muuguzi aliyehamishiwa Ruangwa, akisubiri gari.

— Samahani, baba zangu. Hayo matofali ya Mzee Hasani, mlimrudishia?

Amiri akatazama barabara. Saturnini akaanza kutafuta kofia iliyokuwa kichwani mwake. Bwanali akainua birika na kulitikisa, halikutoa sauti.

Fidelis, ambaye siku ile alikuwa katikati ya mstari, alikwisha kuvuka barabara, na hakugeuka.