Bi Swafiya wa Siyu na Dawa za Njozi

Masheikh, majirani na jamaa mliokuwa nasi tangu mazikoni hadi hitima hii, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu, Daktari Swafiya Abdulghafur.

Marehemu alizaliwa Siyu, kisiwani Pate, tarehe 9 Mei 1979, mtoto wa kwanza wa Bwana Abdulghafur Dawud, mshona makubadhi, na Bi Mwanamkisi, ambaye yu nasi hapa. Miaka minne baadaye akazaliwa nduguye Musab, na walipokua ndipo Swafiya alipoanza kuuliza, kwa maana walinyonya ziwa moja na wakala sinia moja, lakini yeye alikuwa mcheshi, na nduguye huweza kukaa wiki nzima asinene wala asitake chakula, naye akiuliza kwa nini, akaambiwa ni majini, akaambiwa ni hasadi, akaambiwa anyamaze.

Alisoma shule ya msingi Siyu, 1986 hadi 1993, kisha sekondari Amu hadi 1997, akahitimu baiokemia katika chuo kikuu Nairobi mwaka 2002, na uzamifu nchini Uholanzi mwaka 2012. Tarehe 18 Agosti 2005 aliolewa na Mwalimu Husni wa Mbwajumali, wakajaaliwa watoto wawili, Razan na Wazir, ambao mwalimu aliwalea miaka yote mke wake alipokuwa mbali, na watu waliomcheka kwa kumkuta jikoni aliwapakulia wali, wakala.

Mwaka 2014 aliajiriwa huko huko Uholanzi, katika maabara iliyochunguza dawa za njozi, zile zitokanazo na aina fulani za uyoga, ambazo humgeuza mtu fahamu kwa saa chache, akaona rangi na sura zisizokuwapo, na ambazo madaktari walikuwa wakizijaribu kwa wenye huzuni isiyoondoka. Kazi yake haikuwa kuwapa watu dawa, bali kupokea damu yao, ya kabla na ya baada, akatazama ni jeni zipi zimeamka na zipi zimelala.

Aliporudi likizo mwaka 2017, maneno yalikuwa yamemtangulia, na mama yake akamuuliza mbele ya wageni, “Mwanangu, watu wanena wawalewesha Wazungu, wewe watakani na dawa hizo?”

“Mama, waviona vyombo vya baba ukutani? Akishona hutungua hiki na kile, vingine akaviacha. Jeni nazo zi hivyo, mtu anazo zote, ila mwili hauzitumii zote pamoja. Nataka kujua dawa hii huufanya mwili utungue kipi.”

“Na apataye nafuu, huipata kwa hicho kilichotunguliwa?”

“Hapo ndipo nisipopajua, mama.”

Mwaka 2019 wenzake walitangaza kuwa wameona jeni nyingi zimepanda baada ya dawa, wakapongezwa kila mahali, lakini Swafiya alipozipitia upya sampuli aligundua kwamba waliomeza dawa walitolewa damu jioni, na waliomeza kidonge kitupu kisicho na dawa, ili walinganishwe nao, walitolewa asubuhi, na jeni nyingi hupanda na kushuka kwa saa za siku, hata kwa mtu asiyemeza kitu. Mkubwa wake alimsihi aliache jambo hilo, yeye akalisema mkutanoni, tangazo likafutwa, ufadhili ukakatwa, na akaanza upya kwa kupima damu ya watu wachache, akiwa na mwenzake mmoja tu, Daktari Nerea, ambaye leo ametuma rambirambi.

Mwaka 2021 huzuni ya Musab ilizidi, akampigia simu akilia, “Dada, nipe mimi hiyo dawa, nimechoka.”

“Hata ingekuwa mkononi, Musab, nisingekupa. Sijui itakufanyani.”

Musab akakata simu, akakaa miezi hataki kusikia sauti yake, naye Swafiya akaomba likizo, akafunga safari hadi Siyu, akaketi nje ya mlango wa nduguye mpaka akafunguliwa, akampeleka kwa daktari wa akili Mombasa, na kwa dawa za kawaida na mazungumzo ya muda mrefu Musab akarudi kula, akarudi kucheka, na siku ya mazishi ndiye aliyetangulia kushika jeneza.

Septemba 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, akatibiwa Mombasa, kisha akaomba kurejeshwa nyumbani. Mwezi uliopita Nerea alimtumia matokeo ya uchunguzi mpya, na Musab akamsomea kitandani, kwamba mabadiliko karibu yote yaliyotangazwa zamani hayakuonekana tena katika damu, na kuhusu ubongo hakuna awezaye kusema bado, ila jeni moja ilipanda, ikashuka kesho yake. Musab alidhani dada yake atalia.

“Moja?” akasema, mato yakimng’aa. “Ya kweli? Niinue mto, unisomee tena.”

Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Februari 2025, baada ya alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mombasa na Amu, majirani wa Siyu mliopokezana kukesha naye, wenzake wa maabara, na watu wa mbali tusiowajua hata majina, waliokunja mikono ya nguo zao wakatoa damu ili ndugu yetu apate kuuliza. Mola akutie kauli thabiti, Bi Swafiya, akulaze pema.