Ng'ombe wa Libérata Ndani ya Lensi Ndefu

Pale Karuba, mbele ya duka la Mama Constance, kuna benchi lililohukumu watu wengi kuliko baraza la shefu, mkuu wa kijiji. Asubuhi hiyo lilikuwa likihukumu ng'ombe. Simu ilipita mkono kwa mkono, na ndani yake picha: ng'ombe watatu wa Libérata, miguu imezama kwenye maharagi ya Papa Sebarenzi. Saa nne shefu angekata neno, na Libérata angetoa faini: ng'ombe wake wa pekee anayekamuliwa. Fifi, mtoto wa dada yake, aliyerudi likizo kutoka chuo cha Goma, alishika kikombe bila kunywa, akamgeukia Papa Marcellin, mpiga picha wa kijiji.

— Papa Marcellin, hii foto ulipigia wapi?

— Kilima ya huku juu, na lensi ndefu. Si bure bananiita Zumu!

— Njo shida iko pale. Lensi ndefu inakunja bonde kama shuka. Ng'ombe iko ng'ambo ya muto, maharagi iko huku, yenyewe inazibandika pamoja. Ungeshuka karibu, ukapiga na lensi pana, bonde yote ingeonekana katikati.

— Lensi pana njo muongo! Sebarenzi alifoka. Kwenye ndoa yangu Zumu alinisogelea nayo, pua ikafika kanisani mbele yangu.

Jean-Bosco, mtengeneza simu wanayemwita Satelite, aliinua kidole.

— Dada, wazee walisema, lisemwalo lipo. Kama haliko, basi ng'ombe iko njiani.

— Kwa hiyo tunazihukumu juu ya safari?

— Mie nasema tutafute lensi ndefu kabisa. Tuvute ile mugodi ya Bisie mpaka hapa, tuchimbe madini tukiwa tumekaa!

Benchi likacheka. Fifi hakucheka.

— Vuta Bisie, kaka. Kesho mama mudogo atakamua nini? Lensi?

Hapo akafika Dusabimana, mchuuzi wa jibini kutoka Kirolirwe. Alitua kikapu, akapokea kahawa kwa Mama Constance, akaitazama picha, akapuliza kikombe.

— Na maharagi ilikuliwa?

Akazungusha macho kwenye benchi lote.

— Nani alienda kuangalia?

Zumu alimtazama Satelite. Satelite alimtazama Sebarenzi. Shamba lilikuwa nyuma ya kanisa, mwendo wa dakika kumi, na tangu juzi mvua ilikuwa ikinyesha; lakini viatu vya Sebarenzi havikuwa na tone la tope.

Fifi alivua viatu vyake, akashika njia ya bondeni kuelekea shambani. Hakufika mbali.

— Ngoja, mutoto, Sebarenzi aliita, akikunja suruali. Ile shamba iko yangu.