Bwana Alinitoa Mwambani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo ninayo pumzi ya kumsifu! Mtanisamehe nikiegemea hii meza kidogo, goti bado linauma. Mimi ni yule fundi cherehani wa Mbugani, mjane, ambaye wengine mmenipita njiani na mkoba wangu mgongoni mkaulizana, huyu mama anakwenda wapi peke yake? Leo nitawaambia.

Baada ya kumzika mume wangu, nyumba ilinibana. Chakula kilikuwapo. Mpunga tulivuna, watu walikuja kuniona, sikuachwa. Lakini nikiketi kwenye cherehani kifua kinakaza, navuta hewa haifiki. Nikipiga magoti niombe, neno halitoki. Hata moja! Nainuka vile vile nilivyopiga magoti, mkavu.

Siku moja nilipeleka sare za kwaya Matema. Nilipomaliza sikutaka kurudi nyumbani, nikaanza tu kutembea kando ya ziwa. Mchanga ukaisha, yakaanza mawe. Milima ya Livingstone imesimama upande huu, maji upande ule, samaki wadogo wa bluu wanaonekana mpaka chini. Nikastuka napumua! Nilivuta hewa nikalia peke yangu pale, na ndege furukombe akilia juu ya mti.

Tangu hapo kila nilipopata nafasi nilikwenda. Navuka vijito, nakaa juu ya jiwe nakula ndizi zangu, narudi. Wifi yangu alikuja kunisema.

“Wifi, mtu mzima anazurura kama mbuzi aliyekata kamba. Watu watasemaje?”

“Waache waseme,” nikamwambia. “Kule napumua.”

Sasa, ndugu zangu, mnajua Ikombe, kile kijiji cha wafinyanzi mbele ya Matema, watu huenda kwa mtumbwi. Mimi nikatamani kufika kwa miguu, nikifuata mawe ya ukingoni. Niliondoka Matema asubuhi, ziwa limetulia. Nilipanda, nikashuka, nikapita mahali pa kujishika kwa vidole tu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu msiba.

Halafu mguu ukateleza. Jiwe lilikuwa na utelezi, sikuliona. Nilidondoka hadi kwenye mwamba wa chini, goti likageuka vibaya, simu ikaenda majini. Juu yangu ukuta wa mawe, siwezi kuupanda. Mbele yangu ziwa, na mimi nimekulia kwenye majaruba ya mpunga, kuogelea sijui! Nikasema basi, nitakaa hapa, mvuvi atapita.

Hakupita mtu. Ukaja upepo wa kusini. Wenyeji wa ufukweni mnaujua, haupigi hodi. Mawimbi yakaanza kupanda mwamba wangu. Kwanza yalinilowesha miguu, kisha yakanipiga kiunoni, na kila wimbi likirudi linanivuta kidogo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikawafikiria wanangu, nani atawaambia, na watauona mwili au hawatauona?

Hapo ndipo neno lilipotoka. Si maombi ya kupangwa, wala sikusema Baba yetu. Niliita jina la Mungu tu, kwa lugha ya mama yangu. Kyala! Kyala! Kyala! Neno lililokuwa limekwama kifuani siku zote zile!

Nikaona mtumbwi. Wanawake watatu wa Ikombe, wanawahisha vyungu vyao sokoni Matema kabla upepo haujazidi. Mtumbwi umejaa, ukingo unakaribia maji. Waliniona. Wakazungumza Kikisi, lugha yao, sikuelewa. Halafu yule mkubwa wao akainua chungu, chungu kizima kilichochomwa, akakitupa ziwani. Na kingine. Na wenzake nao wakaanza kutupa!

“Acheni!” nikapiga kelele. “Nendeni mkalete mtumbwi mwingine!”

“Tukienda na kurudi tutakukuta?” akauliza yule mama kwa Kiswahili. “Nyamaza, shika hili kasia!”

Nilishika. Wimbi lilinitoa mwambani, nikazama, nikameza maji, mikono ikanikamata kitenge na nywele na popote iliposhika. Nikajikuta nimelala kati ya vyungu vilivyobaki, natapika maji, huku wao wanapiga makasia wanahema. Nikalia kwamba nimewaharibia kazi yao yote.

Yule mama hata hakugeuka. “Vyungu tutafinyanga vingine,” alisema. “Wewe tungekufinyanga kwa udongo gani?”

Ndugu zangu! Tulipogusa mchanga wa Matema nililala kifudifudi nikaushika kwa mikono yote miwili. Wale mama wakaketi pembeni, wakaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka tumelowa hivyo hivyo mpaka watu wa sokoni wakaja kutuangalia. Mtu akaniletea chai ya moto. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile! Usiku ule nililala. Wajane wenzangu mnajua kulala ni nini. Nililala mpaka jua likaingia dirishani, na nilipoamka maombi yalikuwa yananisubiri mdomoni.

Goti lilipopata nafuu nilikwenda Ikombe, kwa mtumbwi safari hii, nikashinda nao nikiponda udongo. Walinicheka, wanasema mikono ya fundi cherehani inaogopa matope. Nitarudi tena. Na ufukweni bado natembea, ila sasa wifi yangu anajua nilipo, na upepo ukianza nageuka.

Namshukuru Mungu aliyewapitisha wale mama pale, saa ile. Ndaga fijo, Kyala! Asante sana, Mungu wangu! Na wewe uliyeketi hapa umekauka, huna neno la kuomba, usingoje upate maneno mazuri. Liite jina lake tu, hata kwa sauti iliyokauka. Atakusikia. Mimi alinisikia, na mawimbi yalikuwa yananizidi kelele.