Chupa Niliyoificha Ndani ya Mtama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni Wambui wa Mugutha. Nimesimama kwa sababu Yesu amenifungua, na kwa sababu kuna mtu niliyemkosea.

Miaka mingi nilichuma kahawa katika shamba la mzungu huku Ruiru, hadi siku nilipoteleza na gunia nikaumia nyonga. Dukani Thika nikauziwa chupa ya dawa nyeusi ya maji. Kijiko kimoja tu, na maumivu yakaenda! Mvua zilipoanza nilikuwa nanywa vijiko vinne. Baadaye nikaacha kijiko, nikawa nanywa kwenye mdomo wa chupa. Niliificha ndani ya debe la mtama.

Mara tatu nilianguka, nikapelekwa hospitali kwa lori la kahawa, pumzi karibu kukatika. Mara mbili za kwanza waliniuliza nimekula nini. Nami nikajibu, "Nimekula alichopika mke wa mwanangu." Ndugu zangu, nilisema hivyo! Watu wakaanza kunong'ona habari za sumu. Mwanangu akamrudisha mkewe, Nyokabi, kwao Kalimoni.

Mara ya tatu, dresa mmoja mzee, mhudumu wa wagonjwa, hakuuliza habari ya chakula. Alinifunua jicho, akaniletea kioo kidogo.

"Jitazame, mama."

Mboni yangu ilikuwa kama ncha ya sindano!

"Chakula hakifanyi hivyo," akasema. "Unakunywa dawa gani?"

Nilitaka kumdanganya tena. Lakini hamu ya kujua ikaishinda aibu. Nikamweleza yote, kisha nikamuuliza, "Ndani yake mna nini?"

"Mna kasumba, yaani afyuni. Ni utomvu wa ua fulani."

Ua! Mimi niliyebeba magunia, nimefungwa na ua!

Wakanipunguzia dawa hiyo kidogo kidogo. Nilitetemeka, nikapiga miayo mchana kutwa, makamasi yakanitoka kama mtoto. Nikaomba, "Bwana, kama kuna kingine kilichofichika, nionyeshe." Akanionyesha Nyokabi.

Nilipopata pasi, ile karatasi ya serikali ya kuruhusiwa kutoka kijijini, nilikwenda Kalimoni. Nilimkuta akipalilia maharagwe. Nikapiga magoti pale kwenye udongo.

"Mwanangu, haikuwa chakula chako. Ilikuwa chupa."

"Najua, maitu, mama yangu," akasema. "Niliiona ndani ya mtama."

"Mbona hukusema?"

"Nani angeniamini mimi?"

Alinishika mkono akaniinua. Amerudi nyumbani, na leo ameketi pale kwenye benchi la akina mama.

Nyonga bado inauma, sitawadanganya. Lakini akili yangu ni yangu, na pumzi ni ya Mungu. Asante, Yesu!

Wewe mzee mwenzangu unayeficha chupa, mwambie Bwana, kisha umwambie na dresa. Halafu ujiulize: ni nani anayebeba lawama yako? Nenda kwake. Kama unaogopa kwenda peke yako, mimi nitakusindikiza.