Bwana Muema na Soko Lililokataa Kumtii

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Titus Muema anastaafu baada ya miaka ishirini na sita akiwa afisa wa uwekezaji wa Sacco yetu ya Tuinuane, hapa Kawangware. Kila Januari alitabiri soko la hisa, na soko halikumtii hata mwaka mmoja. Kwa uvumilivu huo tunampongeza.

Alianza kazi mwaka 1999 katika ofisi ya Riruta Satellite, akiwa na rula ya mbao, karatasi za grafu na suti ya kijivu ambayo anastaafu nayo. Mwanachama aliyekuja kuuliza salio aliondoka na mhadhara kuhusu bei za Disemba. Utabiri ulipoenda kombo, alieleza kwa nini soko ndilo lililokosea, na alieleza vizuri sana.

Sisi nasi tulimsaidia kukosea. Katika kila mkutano mkuu utabiri wake uliwekwa mezani, mchungaji akauombea, wanachama mia nne wakaitikia Amina. Baada ya hapo, kuuza hisa zilizoanza kushuka kulionekana ni upungufu wa imani. Basi tulikaa tukazitazama zikishuka.

Mwaka 2019 aliweka akiba ya karo, ambayo wazazi huichukua Januari, kwenye hisa za kampuni moja ya saruji. Alisema zingepanda maradufu. Machi zikashuka, Juni zikashuka tena. Bwana Muema akatuandikia kurasa kumi na moja kuthibitisha kwamba zilikuwa zinapumzika, kisha naye akaenda likizo Kitui kupumzika.

Agosti hiyo Mama Adero, muuza dagaa wa omena wa Sarang'ombe ambaye bintiye Celine alikuwa anangoja kuingia sekondari, alipanda ngazi hadi ofisini akiwaka. "Mimi omena yangu ikianza kunuka nauza saa hiyo hiyo. Sikai hapo nikijiuliza kesho itanuka aje. Nyinyi mnangoja nini?"

Kathini, msaidizi wa Bwana Muema aliyeachiwa mamlaka ya kutia saini, aliziuza zote mchana huo. Kufikia Krismasi hisa zile hazingenunua hata daftari. Celine akaenda shule. Bwana Muema akapewa cheti cha utumishi bora, na Kathini akaandikiwa na Bwana Muema barua ya onyo kwa kuharakisha mambo.

Tangu hapo tuna kanuni ya Kathini: hisa ikishuka kwa sehemu moja ya kumi, tunauza, hakuna mjadala. Bwana Muema huiita kanuni ya watu wasio na maono. Utabiri wake bado husomwa, kabla ya chai, na watu hucheka sana.

Wiki jana alijaza fomu ya kuwekeza kiinua mgongo chake. Ametaka chote kisimamiwe kwa kanuni ya Kathini, na pembeni ameongeza kwa mkono wake kwamba kisiombewe.

Bwana Muema, asante kwa miaka yote hiyo. Tulikukasirikia na tulikupenda. Lakini barua ile ya onyo imemnyima Kathini cheo kwa miaka sita, na anayeweza kuifuta ni aliyeiandika. Tunakutakia afya, mvua ya kutosha shambani na maisha mema. Ofisi inafungwa saa kumi na moja jioni. Hadi wakati huo saini yako bado ina nguvu.